Pampu ya Mkono Inapovuja: Somo la Dizeli, Hewa na Kiwambo

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwaka nenda mwaka rudi gazeti letu hujaa mashairi, hadithi na vitendawili, nami huvisoma vyote kwa furaha. Lakini wapo wanaodhani kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na hotuba tu, na kwamba ukitaka kueleza jinsi chombo kinavyofanya kazi huna budi kukimbilia Kiingereza. Makala haya ni jibu langu kwao. Nitaeleza kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, jinsi ya kutambua na kurekebisha pampu ya mkono inayovuja katika gari kuukuu la dizeli.

Somo hili nimelipata siku za Jumamosi na wakati wa likizo katika karakana ya mjomba wangu, fundi wa magari hapa Meru, upande wa Makutano. Yeye huniita "mama" kwa sababu nimepewa jina la nyanya, yaani mama yake mzazi. Kwa miaka miwili sasa nimekuwa mshika tochi wake. Wateja wengine huuliza, "Fundi, huyu msichana anatafuta nini kwa mafuta machafu?" Mjomba huwajibu, "Anatafuta kile wewe umekosa kuona." Basi nami nimekuja kuwaonyesha nilichokiona.

Sisi wa kutwa tunaishi na magari haya. Pikapu za Toyota Hilux hubeba maziwa, viazi vya Kibirichia, ndizi za Nkubu na miraa ya Maua. Malori ya Isuzu hupanda na kushuka barabara ya Embu usiku na mchana. Mengi ya magari hayo yana umri kutuzidi sisi. Likikataa kuwaka alfajiri, kuna mtu ambaye hatakula, na kuna mtoto ambaye hatalipiwa karo.

1. INJINI YA DIZELI INAVYOKULA

Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa huingizwa ndani ya silinda, kisha hubanwa kwa nguvu sana. Katika injini kama ile ya 2L ya Toyota, hewa iliyojaza silinda nzima husongwa hadi ikabaki sehemu moja hivi ya ishirini na mbili. Aliyewahi kupiga pampu ya baiskeli anajua kwamba chuma chake hushika joto. Ndivyo ilivyo humo ndani, ila joto ni kali mno. Dizeli ikipulizwa ndani ya hewa hiyo huwaka yenyewe.

Aliyebuni injini hii ni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka wa 1858. Injini yake ilifaulu majaribio huko Augsburg, Ujerumani, mwaka wa 1897. Yeye mwenyewe alitoweka usiku akiwa melini safarini kwenda Uingereza mwaka wa 1913. Mwili wake ulikuja kuonekana baharini. Jina lake ndilo sisi tumeligeuza likawa "dizeli".

Ili dizeli ipulizwe katika silinda yenye hewa iliyosongwa hivyo, ni lazima isukumwe na pampu kubwa ambayo mafundi huiita injekta pampu. Pampu hiyo husukuma kwa shinikizo linalozidi shinikizo la hewa ya kawaida mara 100 na zaidi. Nozeli, yaani mdomo unaonyunyiza dizeli, haufunguki mpaka shinikizo lifike kiwango chake.

Sasa fanya jaribio hili rahisi. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, ulijaze maji, uzibe tundu kwa kidole, kisha usukume. Halisongi. Mwaga maji, ulijaze hewa, usukume tena. Linasonga, na ukiachilia linarudi. Maji hayakubali kubanwa ilhali hewa inakubali. Kwa hivyo hewa ikiingia katika njia ya dizeli, pampu kubwa hujichosha kuibana hewa, shinikizo halifiki kiwango, na nozeli haifunguki. Injini hunyamaza kimya kama maji ya mtungini. Mafundi husema gari "imeshika hewa".

2. PAMPU YA MKONO NI NINI?

Fungua boneti ya pikapu kuukuu ya dizeli. Utaona filta ya dizeli imening'inia kando ya injini. Juu ya filta hiyo pana kichwa cha chuma chepesi, na juu ya kichwa pana kitufe cheusi kipana ambacho mtu huweza kukibonyeza kwa kiganja. Hiyo ndiyo pampu ya mkono. Kazi yake ni kuvuta dizeli kutoka tangi na kuijaza filta baada ya filta kubadilishwa, au baada ya gari kuishiwa mafuta njiani.

Ndani yake mna vitu vinne vya kukumbuka:

(a) Kiwambo: utando wa mpira uliowambwa kama ngozi ya ngoma.
(b) Kamani, au springi: hukirudisha kiwambo juu baada ya kubonyezwa.
(c) Vilango viwili: kimoja huingiza, kingine hutoa. Kila kimoja hufungukia upande mmoja tu.
(d) Mipira ya kuziba: pete ndogo za mpira ambazo gereji huziita oringi.

Ukibonyeza, kiwambo hushuka na kusukuma dizeli itoke kwa kilango cha kutokea. Ukiachilia, kamani hukiinua kiwambo na dizeli nyingine huvutwa kwa kilango cha kuingilia. Waliosoma moyo katika Bayolojia wataona kwamba ni mambo yale yale: chumba, vilango, na mtiririko usiorudi nyuma.

Hapa sharti tutulie kidogo, kwa maana ndipo wengi wanapopotea. Pampu hii ina maisha mawili. Unapoibonyeza kwa mkono, ndani yake mna msukumo. Kama kiwambo kimepasuka, dizeli hutoka nje na kila mtu huiona. Lakini injini inapokwenda, injekta pampu huvuta dizeli kupitia filta, na ndani ya pampu ya mkono huwa mna mvuto badala ya msukumo. Ufa ule ule uliokuwa ukitoa dizeli nje sasa huingiza hewa ndani. Chini huoni hata tone. Ni kama mrija wa soda wenye tundu: ukivuta, soda haimwagiki, ila unajaza kinywa upepo.

Na gari likilala usiku, hewa hupenya polepole katika ufa huo. Tangi liko chini kuliko filta, kwa hivyo dizeli iliyokuwa juu huteremka kurudi tangini. Asubuhi filta ina upepo mtupu.

3. DALILI, NA JINSI YA KUZITOFAUTISHA

Gari la dizeli likikataa kuwaka asubuhi, watu hutoa hukumu kabla ya ushahidi. Mjomba hunifundisha kuuliza maswali matatu.

Swali la kwanza: linakataa likiwa baridi au likiwa moto? Injekta pampu iliyochakaa kwa ndani mara nyingi husumbua injini ikiwa moto, kwa sababu dizeli ya moto ni nyepesi na hupenya nafasi zilizolika. Njia inayoingiza hewa husumbua gari likilala, kisha likiwaka hutulia.

Swali la pili: unapozungusha stata, moshi unatoka? Moshi mweupe ukitoka, basi dizeli inafika ila haiwaki. Hapo shuku plagi za joto, zile zinazopasha silinda asubuhi. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki.

Swali la tatu: kitufe cha pampu ya mkono kiko vipi kabla ya kuwasha? Kikiwa kigumu, filta imejaa. Kikiwa laini, kikaenda chini bure mara kumi au ishirini ndipo kikagumu, dizeli ilikuwa imerudi tangini.

Dalili nyingine ni kama hizi: gari kuwaka kisha kuzima baada ya sekunde chache, kwa kuwa limekula kiasi kilichobaki katika injekta pampu, harufu ya dizeli, na vumbi lililogandamana kwa unyevu juu ya kichwa cha filta.

4. MAZIWA YALIYOREJESHWA

Nitatoa mfano mmoja ili isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya vitabuni. Msimu uliopita wa mvua, jirani yetu mwenye Hilux ya kukusanyia maziwa alipata taabu hii. Yeye hupitia wakulima kuanzia saa kumi na moja alfajiri, huku akipakia mitungi, kisha huipeleka kwenye kituo cha kupozea. Maziwa yasiyopozwa hayangoji mtu. Kituoni hupimwa kwa kuchanganywa na spiriti kidogo katika kijiko. Yakigandamana, hayapokelewi.

Kwa siku tatu mfululizo gari liliwaka jua likiwa limeshapanda, na maziwa yakarejeshwa. Miongoni mwa wakulima hao ni mama yangu. Maziwa hayo ndiyo karo yangu na ya wenzangu kadhaa katika shule hii. Mwenye gari akalipeleka gereji fulani, akaambiwa injekta pampu imekufa. Bei aliyotajiwa ilikuwa ya ng'ombe mzima, na kweli akaanza kutafuta mnunuzi wa mtamba wake.

Alipopita kwa mjomba kuomba ushauri, mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Mzee, ikishawaka, inasumbua tena mchana?"

"Hapana fundi, ikishawaka inaenda tu. Hata mlima inapanda sawasawa."

"Basi hiyo pampu haijakufa. Kitu kilichokufa hakifufuki kila siku saa tatu asubuhi. Mama, hebu leta tochi na chaki."

Kilichokuwa kimeharibika ni kiwambo kisichozidi upana wa kifuniko cha mkebe wa majani chai. Mtamba haukuuzwa. Siku ya pili yake maziwa yalipokelewa.

5. CHAKI NA MPIRA UNAOONYESHA NDANI

Chaki ni ya nini? Pangusa kichwa cha filta na pampu mpaka vikauke kabisa. Paka unga wa chaki kote: kuzunguka kitufe, penye maungio, na kwenye vichwa vya mipira. Kisha bonyeza pampu mara ishirini au thelathini. Mahali panapovuja, chaki nyeupe hugeuka kuwa ya kijivu na yenye unyevu. Usiamini macho kabla ya kukausha, kwa maana dizeli hutambaa. Hutokea juu ikaonekana chini.

Kipimo cha pili ni cha ule mvuto niliousema. Toa mpira unaotoka filta kwenda injekta pampu, uweke kwa muda mpira wa plastiki unaoonyesha ndani. Washa gari, utazame. Dizeli ikipita safi bila mapovu, njia ni nzima. Mapovu yakipita, kuna mahali panapovuta hewa. Ili ujue kama ni pampu ya mkono ama ni mpira ulio chini karibu na tangi, ingiza mpira wa kuingilia katika dumu safi la dizeli lililo karibu na injini. Mapovu yakiendelea, kosa liko kwenye kichwa cha filta. Yakiisha, tafuta upande wa tangi. Kwa njia hii huwezi kumwuzia mtu spea asiyoihitaji.

6. KWA NINI PAMPU HIZI HUVUJA?

Kwanza ni uzee. Mpira huchoshwa na joto la injini la miaka ishirini na zaidi, ukawa mgumu na kupata nyufa. Pili ni uchafu. Chembe ya mchanga ikikaa chini ya kiwambo hukikata kila kinapobonyezwa. Tatu ni kutumia nguvu kupita kiasi: kuna madereva wanaoipiga pampu kwa ngumi kana kwamba wanatwanga mahindi.

Sababu ya nne ni dizeli yenyewe. Mwaka wa 1993 Marekani ilipunguza salfa katika dizeli ili kusafisha hewa, na magari mengi ya zamani yakaanza kuvuja penye mipira. Kazi ya kuondoa salfa hupunguza pia zile kemikali zilizokuwa zikiifanya mipira hiyo ivimbe kidogo. Mpira mpya uliweza kustahimili badiliko hilo, lakini wa zamani ulisinyaa. Kwetu Afrika Mashariki dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 katika milioni, ilianza kutumika mwaka wa 2015. Hewa safi ni neema kubwa kwa mapafu yetu. Ila mwenye mkebe wa zamani na akague mipira yake.

7. KUREKEBISHA HATUA KWA HATUA

Haya ni maelezo ya kichwa cha filta chenye kiwambo kama cha Hilux kuukuu. Vichwa vingine vimekunjwa bati pembeni na havifunguki. Hivyo hubadilishwa vizima.

Hatua ya 1. Zima gari, liache lipoe. Vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu, toa waya hasi wa betri. Hakuna sigara.

Hatua ya 2. Safisha nje ya kichwa kabla ya kufungua chochote. Tumia brashi na dizeli safi. Sehemu za ndani za injekta pampu zimekaribiana mno. Chembe ndogo isiyoonekana kwa macho yatosha kuzikwaruza. Fundi anayefungua kabla ya kusafisha anapanda ugonjwa wa kesho.

Hatua ya 3. Weka karai chini. Fungua kizibo cha chini cha filta, umwage maji na dizeli. Chomoa waya wa kipima maji kama upo.

Hatua ya 4. Tia alama kwenye mipira: wa kuingia na wa kutoka. Bana klipu kwa koleo, uzungushe mpira kwanza ndipo uuvute. Ukiuvuta kwa nguvu utauchana.

Hatua ya 5. Fungua bolti zinazoshikilia kichwa, ukitoe chote, ukakifanyie kazi mezani juu ya gazeti safi. Kazi ya kuinama katika boneti huangusha vitu vidogo, na kamani ikiangukia kwenye chesisi huioni tena.

Hatua ya 6. Bonyeza kitufe kwa kiganja huku ukilegeza parafujo kidogo kidogo kwa zamu, moja huku na nyingine ng'ambo yake. Kamani inasukuma, kwa hivyo ukitoa zote upande mmoja kifuniko hupinda. Kila unachokitoa kipange kwenye gazeti kwa mfuatano na kwa upande kilivyokaa.

Hatua ya 7. Kagua. Inua kiwambo mbele ya mwangaza, ukivute polepole. Mwangaza ukipenya, au ukiona nyufa kama za udongo wa kiangazi, kimekwisha. Oringi iliyokuwa ya mviringo ikiwa bapa, imekwisha pia. Puliza vilango kwa mdomo baada ya kuvisafisha: hewa ipite upande mmoja, ikatae wa pili.

Hatua ya 8. Weka kiwambo na oringi mpya, umezilainisha kwa dizeli safi. Usitumie petroli kuoshea mpira. Usitumie kitambaa chenye nyuzi. Usipake gundi wala silikoni. Vipande vyake hubanduka na kuziba njia.

Hatua ya 9. Funga parafujo kwa zamu kama ulivyozifungua. Kichwa ni cha alumini, na nyuzi za alumini hukatika upesi. Kaza mpaka ishike, basi. Filta nayo ikazwe kwa mkono: mpira wake ukigusa kichwa, ongeza kama robo tatu ya mzunguko.

Hatua ya 10. Rudisha kichwa, mipira na klipu. Kama mpira umekuwa mgumu mdomoni, kata kipande cha mwisho au uweke mpya. Ni bure kutengeneza pampu na kuacha mpira unaovuta hewa.

Katika magari kama Mercedes-Benz za dizeli za miaka ya 70 na 80, pampu ya mkono si ya kiwambo. Ni ya pistoni, nayo hujipachika kwenye pampu ndogo iliyo ubavuni mwa injekta pampu. Zile za zamani zina kishikio ambacho hufunguliwa kwa kuzungushwa, hupigwa, kisha hukazwa tena. Kikiachwa bila kukazwa huvuja. Hizo hutolewa kwa spana, ikawekwa nyingine pamoja na washa mpya.

8. TYUBU YA GURUDUMU SI KIWAMBO

Juakali wana akili, lakini kuna ujanja mmoja ambao ni hasara. Spea ikikosekana, mtu hukata tyubu ya gurudumu kwa makasi akaifanya kiwambo. Siku hiyo gari huwaka, na fundi hupata sifa. Baada ya siku chache taabu hurudi.

Mimi na wenzangu wawili tulifanya jaribio. Tulitia katika chupa ya dizeli kipande cha tyubu na kipande cha oringi ya spea, tukaviacha kwa siku saba. Kile cha tyubu kilivimba, kikalegea, kikawa kama andazi lililosahauliwa katika chai. Kile cha oringi kilibaki karibu vile vile. Sababu ni kemia. Mpira wa tyubu hufyonza mafuta. Mpira unaotumika kwa mafuta, uitwao naitraili, umeumbwa kwa namna ya kukataa mafuta kupenya. Vyote viwili ni vyeusi na vyote hunyumbulika, na ndiyo maana macho hudanganyika. Mwenye chupa, dizeli kidogo na subira ya juma moja hadanganyiki.

Ikiwa spea haipatikani Meru na gari ni la lazima, ni heri kutumia ile pampu ya kukamua ya mpira, kama ya mashine za mashua kule pwani, ikaungwa katika njia kabla ya filta mpaka kichwa kizuri kipatikane. Iwe tu ni ile iliyotengenezwa kwa mafuta.

9. KUTOA HEWA

Piga pampu polepole mpaka kitufe kiwe kigumu. Legeza kidogo bolti ya njia ya kutoka filta, piga tena. Mapovu yatatoka yakichanganyika na dizeli. Endelea mpaka itoke dizeli tupu. Kaza bolti ukiwa bado umebonyeza kitufe. Ukiachilia kabla ya kukaza, hewa hurudi ndani.

Washa. Usizungushe stata zaidi ya sekunde 15 kwa mara moja; ipumzishe isiungue. Lisipowaka, legeza nati za mabomba yanayoingia kwenye nozeli, mtu azungushe stata mpaka dizeli ichuruzike, kisha uzikaze. Hapo weka uso na mikono mbali. Dizeli ya injekta pampu ikiruka kwa shinikizo lake hupenya ngozi kama sindano, na jeraha dogo la namna hiyo ni la kukimbizwa hospitali hata kama haliumi. Vile vile usinyonye dizeli kwa mdomo kupitia mpira. Ikiingia mapafuni ni hatari kwa maisha.

Kipimo cha mwisho ni cha usiku. Paka chaki tena, tandika karatasi chini ya filta, gari lilale. Asubuhi, kabla ya kuwasha, gusa kitufe. Kikiwa kigumu na chaki ikiwa nyeupe, kazi imekamilika.

Huenda mtu akauliza, "Gari likizima si ni kuchelewa tu?" La. Kwetu barabara ni za mabonde. Kuteremka daraja la Nithi, katika barabara ya Meru kwenda Embu, si mchezo. Ajali ya basi ya Julai 2022 iliua watu zaidi ya 30 mahali hapo. Sisemi kwamba ajali hiyo ilitokana na dizeli. Nasema hivi: katika gari la dizeli, pampu inayosaidia breki huzungushwa na injini. Injini ikizima mteremkoni, msaada huo hubaki wa kukanyaga mara chache tu, kisha breki huwa ngumu kama jiwe, na usukani wenye msaada huwa mzito. Hewa kidogo katika dizeli si jambo dogo.

10. MANENO YA GEREJI NA MANENO YA KAMUSI

Sasa nirudi kwenye chama chetu. Neno "bomba" tulilipata kwa Wareno, na kwao maana yake ni pampu. Sisi Wakenya tukilitumia sana kwa mrija wa maji, lakini maana ya kwanza bado inaishi katika "bomba la sindano". "Parafujo" nalo ni la Wareno. "Kiwambo" ni letu: linatokana na kitenzi "wamba", yaani kutandaza ngozi na kuivuta juu ya ngoma. Kiwambo cha pampu, kiwambo kilicho chini ya mapafu na ngozi ya ngoma vyote ni utando uliovutwa ukazuia nafasi mbili zisionane. Mwanafunzi aliyelielewa neno hili moja ameelewa nusu ya pampu kabla ya kuifungua. Mjomba hakulijua, yeye alisema "ile raba ya ndani". Nilipomwambia, alilirudia mara mbili, na tangu siku hiyo wateja wake huambiwa, "Mzee, kiwambo chako kimepasuka."

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini pampu ya mkono iliyopasuka hutoa dizeli inapobonyezwa, lakini huingiza hewa injini inapokwenda?
2. Gari linatoa moshi mweupe mwingi likizungushwa asubuhi, na kitufe ni kigumu. Je, utashuku nini?
3. Eleza jinsi ya kutumia dumu la dizeli kujua kama hewa inaingilia filtani au upande wa tangi.
4. Kwa nini kipande cha tyubu hakifai kuwa kiwambo?
5. Tunga sentensi mbili zenye maana tofauti za neno "wamba".

Majibu yote yamo ndani ya makala. Atakayetaka kuyahakikisha kwa macho, Jumamosi ipo, na tochi ya pili tunayo.